Shujaa wa Hadithi za Picha na Msomaji Mpya

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya ushairi, riwaya na tamthilia. Juu ya hadithi za picha wameandika machache, na hayo machache aghalabu ni ya kukemea. Mwalimu huzinyang'anya darasani; mzazi huziita kazi ya kupoteza wakati. Hata hivyo, kijana yule yule anayelalamika kwamba riwaya ya kurasa mia ni ndefu, huketi chini ya mgomba na hadithi ya picha mkononi mpaka giza limkute. Chombo chenye mvuto wa namna hiyo hakifai kuachwa kijiendee bila kuhakikiwa.

Katika makala haya tutazungumzia aina moja tu ya hadithi hizo, nayo ni hadithi ya shujaa mwenye nguvu zinazopita za kibinadamu. Swali letu ni hili: shujaa huyo aandikwe namna gani ili mtu anayekutana naye kwa mara ya kwanza amwelewe, na akisha kumwelewa, apate kitu cha kubaki nacho? Tunasema tangu mwanzo kwamba msomaji mpya anaposhindwa kuelewa, aghalabu hujilaumu mwenyewe. Kazi ya mhakiki ni kuuhamisha mzigo huo kutoka begani mwake na kumtwika mwandishi, ambaye ndiye mwenyewe. Tunayasema haya si kwa kuwanyoshea wengine kidole, kwani na sisi tumo katika kosa hilo, kama tutakavyoeleza.

MSOMAJI MPYA NI NANI?

Katika nchi yetu maneno "msomaji mpya" yana historia yake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata taifa liliazimia kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1975. Mwaka 1967 karibu watu wazima sabini katika kila mia walikuwa hawajui kusoma; ilipofika 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wamebaki kama kumi tu. Wale waliojifunza ndio walioitwa wasomaji wapya. Huko Mwanza lilichapishwa hata gazeti lao, Elimu Haina Mwisho, kwa sababu viongozi wa kampeni walitambua kwamba mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma, husahau.

Hapa kwetu Kilema tulikuwa na jirani mmoja, mama wa makamo, aliyepata cheti chake cha kisomo baada ya miaka ya kuhudhuria darasa jioni, akitoka kuchota maji na kukata majani ya ng'ombe. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Siku moja alitukuta na kitabu cha hadithi ya picha kwa Kiswahili, kisicho na jalada, akakitaka. Tukampa kwa furaha. Akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, akifuata kwa kidole. Katika kisanduku cha kwanza mtu aliyefunika uso alikuwa akiruka kutoka juu ya paa. Katika cha pili watu watatu walikuwa wakikimbia. Maneno yaliyokuwapo yalisema kwamba safari hii hawatamponyoka. Mama yule akanyanyua uso akatuuliza, "Wanangu, huyu ni nani, na wale wamemkosea nini?"

Hatukuweza kumjibu, maana ile ilikuwa sehemu ya tatu ya hadithi na sehemu mbili za kwanza hatukuwa nazo. Sisi hilo halikutusumbua, kwa kuwa mtoto huweza kula picha peke yake akashiba. Yeye alikifunga kile kitabu, akakirudisha, akasema kwamba basi, mambo hayo ni ya waliosoma sana. Maneno hayo hatujayasahau. Mtu aliyeyasema alikuwa amesoma kila neno lililoandikwa bila kukosea hata moja. Aliyeshindwa alikuwa mwandishi. Aliyeona haya alikuwa yeye.

Msomaji mpya, basi, si mtoto tu wala si mtu wa kisomo tu. Ni kila mtu anayefungua ukurasa bila ya kuwa na habari za nyuma. Leo hii yumo katika kila darasa la sekondari.

SHUJAA SI MGENI KWETU

Wako wanaodhani kwamba shujaa mwenye nguvu za ajabu aliletwa kwetu na meli pamoja na vitambaa na sabuni. Dhana hiyo ni kasumba. Katika mteremko huu wa Kilimanjaro wazee walisimulia habari za kijana Mrile, ambaye baada ya kuonewa nyumbani aliketi juu ya kigoda, akaimba, na kigoda kikapaa naye mpaka nchi ya Mwezi, ambako aliwakuta watu wanaokula vyakula vibichi akawafundisha moto. Katika pwani yupo Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilitungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913: mtu asiyeweza kuuawa na silaha yoyote ila sindano ya shaba ichomwapo kitovuni. Kwa ndugu zetu Wajaluo wa Kenya yupo Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe na uhai wake ulikuwa katika kivuli chake.

Tuangalie jinsi wasimulizi hao walivyomtunza msikilizaji mgeni. Mrile akiwa safarini hukutana na kundi moja baada ya jingine: wanaookota kuni, wanaokata majani, wanaochunga. Kila kundi huliuliza swali lile lile la njia, na kila kundi humtaka asaidie kazi kidogo kabla ya kumwelekeza mbele. Msomi wa haraka huona marudio hayo kuwa ni udhaifu. Lakini fikiri jinsi hadithi ilivyosimuliwa: jioni, penye moto, mtoto mmoja akiingia kutoka kufunga mbuzi, mwingine akitoka kuchukua kuni. Aliyechelewa hakuachwa nyuma, kwa sababu kundi lililofuata lilimweleza tena kijana huyu ni nani na anakwenda wapi. Marudio yalikuwa mlango ulioachwa wazi kwa kila anayekuja.

Tena, wasimulizi hao walijua kwamba nguvu bila mpaka hazina hadithi. Liyongo angekuwa hafi kabisa, tusingemhofia hata siku moja. Sindano ya shaba ndiyo inayotufanya tumtazame mwanawe kwa wasiwasi anapoanza kumuuliza baba yake siri ya uhai wake. Na Lwanda Magere asingekuwa na kivuli kinachoumia, mwanamke aliyetumwa na adui asingekuwa na la kupeleleza. Hata Wamarekani walilitambua jambo hilo. Superman alizaliwa mwaka 1938, na jiwe linalomdhoofisha lilizuliwa miaka mitano baadaye, katika mchezo wake wa redio.

JINSI HADITHI YA PICHA ILIVYOTUFIKIA

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa Afrika Mashariki walimsoma Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika aliyesimuliwa kwa picha zilizopigwa kwa kamera, kazi ya kampuni iliyochapisha gazeti la Drum. Lugha yake ilikuwa Kiingereza. Wakati huo huo katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alikuwa akimchora Chakubanga, ambaye kwa kisanduku kimoja tu alituonyesha ulafi na uzembe wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 likaja gazeti la Sani la Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, ambalo jina lake limetokana na mwanzo wa majina yao. Humo walitamba kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Kenya walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyedumu magazetini kwa miongo mingi. Na katika miaka ya 1980 Terry Hirst alitoa mfululizo wa Pichadithi, ambamo Lwanda Magere mwenyewe aliingizwa katika visanduku.

Katika orodha hii kuna jambo la kuzingatia. Kazi zetu zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za kuchekesha, na karibu kila ukurasa wake ulijitosheleza. Mtu aliyeokota ukurasa wa Chakubanga uliofungiwa karanga sokoni Himo aliuelewa mara moja, akacheka. Sanaa ya kumkaribisha msomaji mpya, basi, tulikuwa nayo. Tulichokosa ni kuihamisha sanaa hiyo kutoka kwenye kichekesho na kuitia katika hadithi ya shujaa, ambayo ni ndefu na yenye mambo mengi ya kubeba.

MLANGO WA HADITHI

Katika toleo lile la 1938 ambamo Superman alionekana mara ya kwanza, waandishi wake, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitumia ukurasa mmoja tu kueleza kwamba mtoto huyu alitoka katika sayari nyingine, kwamba ana nguvu gani, na kwamba ameamua kuzitumia kuwatetea wanyonge. Ukurasa wa pili tayari yumo kazini. Mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko walimleta Spider-Man katika kurasa 11. Kijana yatima aliyelelewa na ami yake na mkewe anapata nguvu kwa kuumwa na buibui, anazitumia kujitafutia fedha na sifa, anamwachia mwizi apite, na mwizi huyo huyo anamuua ami yake. Katika kurasa hizo 11 msomaji amemjua kijana, kosa lake na sababu ya toba yake.

Lakini kadiri miaka ilivyopita, mashujaa hao walilimbikiziwa habari juu ya habari, mpaka mgeni hakujua aanzie wapi. Mwaka 2000 wenye Spider-Man waliona hivyo wakamwanzisha upya kwa ajili ya wasomaji wapya, na hadithi ile ya kurasa 11 ikasimuliwa kwa matoleo saba. Mwaka 2011 wenye Superman walianza upya mfululizo 52 kwa mara moja, kila mmoja kuanzia namba moja.

Tuyapime mambo hayo bila kuyashangilia wala kuyabeza. Matoleo saba yalimpa msomaji nafasi ya kumjua kijana yule nyumbani na shuleni, na hiyo ni faida. Lakini aliyenunua toleo la nne peke yake alikuwa katika hali ile ile ya jirani yetu wa Kilema. Ama namba moja juu ya jalada, hiyo ni rangi tu juu ya mlango. Mlango wenyewe waweza kuwa umefungwa bado. Tumeona vitabu vya namba moja ambavyo kisanduku chake cha kwanza kina watu kumi na wawili wenye mavazi ya ajabu, wakizungumza juu ya vita ambavyo msomaji hakuviona. Unyofu wa hadithi hauletwi na hesabu. Huletwa na mwandishi anayejiuliza, katika kila toleo na katika kila ukurasa, maswali mawili ya yule mama: huyu ni nani, na wale wamemkosea nini?

KOSA LETU WENYEWE

Miaka michache iliyopita tuliombwa kutunga maneno ya hadithi ya picha juu ya Fumo Liyongo, itakayosomwa na wanafunzi wa kidato cha kwanza. Kazi hiyo tuliipokea kwa kiburi kidogo. Tumetunga mashairi kwa zaidi ya miaka thelathini. Tukajisemea kwamba maneno ya kujaza viputo vya picha hayatatutoa jasho.

Tukaanzia Liyongo akiwa gerezani, maana hapo ndipo penye joto. Kijakazi Saada analeta mkate, na ndani ya mkate mna tupa ya kukatia minyororo. Nje watu wanapiga ngoma na kuimba ili mlio wa tupa usisikike. Mchoraji alichora vizuri sana: mkate umepasuka, tupa inang'aa, macho ya Liyongo yamewaka. Na sisi juu ya picha hiyo tukaandika kiputo cha maneno zaidi ya arobaini, kwa vina, tukimfanya Liyongo aeleze kwamba ameona tupa ndani ya mkate.

Nakala za majaribio zikapelekwa katika shule moja ya Vunjo, nasi tukaenda kuketi nyuma ya darasa. Wanafunzi walizitazama picha, wakaruka maneno, wakageuza kurasa. Mwalimu alipowauliza Liyongo ni nani, mmoja akajibu kwamba ni mfungwa mwizi anayetoroka. Darasa zima likakubali, na kwa haki kabisa, kwani hakuna mahali tulipowaambia kwamba alifungwa kwa sababu ya hofu na wivu wa Sultani wa Pate. Tulidhani kila mtu analijua hilo. Binti mwingine akauliza kwa adabu, "Shikamoo mzee. Samahani, kwa nini anasema ameona tupa, na sisi tunaiona?"

Siku hiyo tulijifunza mambo mawili. La kwanza ni la ufundi: picha na neno ni kama watu wawili wanaobeba gogo moja. Wote wakishika ncha moja, gogo haliendi. Jambo ambalo picha imekwisha kulisema, neno liliache. Neno liseme lile ambalo picha haiwezi, kama vile jina, sababu, siri na wakati uliopita.

La pili ni zito zaidi, nalo lahusu taifa. Tulidhani Liyongo ni wetu sote. Ndiyo, ni wetu; lakini mtoto wa mlimani, aliyekulia kati ya migomba na mifongo, hajawahi kusikia habari za Pate wala Shanga. Kwake yeye Liyongo ni mgeni sawasawa na Superman. Tena Superman huenda anamfahamu zaidi, maana amemwona kwenye fulana. Kadhalika mtoto wa Kilwa hamjui Mrile. Katika nchi yenye makabila zaidi ya mia na ishirini, kila shujaa wa taifa ni mgeni katika nyumba fulani. Tukimwandika kana kwamba anajulikana, tunawafungia nje wale wale tuliotaka kuwaunganisha.

Tuliiandika upya kazi ile. Ukurasa wa kwanza sasa unamwonyesha Sultani akimtazama Liyongo akipita sokoni, na watu wakimpisha yule na si yeye. Kiputo kina maneno manne. Katika picha ya tupa hakuna neno lolote.

LUGHA YA SHUJAA

Shujaa azungumze Kiswahili gani? Nairobi lilianzishwa mwaka 2010 gazeti la hadithi za picha liitwalo Shujaaz, likigawiwa bure, ambalo mhusika wake Boyie ni kijana anayerusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Huyu hana nguvu za ajabu. Nguvu yake ni sauti. Gazeti hilo hutumia Sheng, na vijana wa Nairobi walilipokea kama linalozungumza nao ana kwa ana. Hilo ni fanikio kubwa. Lakini lugha ya mtaa mmoja ni ukuta kwa mtaa wa pili, tena huzeeka upesi kuliko karatasi iliyochapishiwa.

Upande mwingine kuna kosa letu washairi: kumvika shujaa msamiati wa kale mpaka awe kama mtu aliyevaa joho shambani. Njia tunayoipendekeza ni Kiswahili sanifu chepesi, chenye sentensi fupi, kinachosemeka kinywani. Maneno ya mahali yasiogopwe. Mchoraji akionyesha maji yakishuka katika mfereji kati ya migomba, na mzee akisema kwamba mfongo umeziba, mtoto wa Lindi atajua mfongo ni nini bila kufungua kamusi. Hii ni fadhila ambayo riwaya haina.

MPAKA WA SHUJAA

Hapana budi tutoe onyo moja. Kwa sababu shujaa wa picha hupendwa, kuna kishawishi cha kuwatia mashujaa wa historia nguvu za uchawi. Mangi Meli wa Moshi, ambaye watu wake waliwashinda Wajerumani mwaka 1892, na ambaye alinyongwa na Wajerumani hao tarehe 2 Machi 1900, hakuruka angani wala risasi hazikumwogopa. Alikuwa binadamu aliyejua kwamba anaweza kufa. Tukimchora akipangua risasi kwa kiganja, tumempokonya ujasiri wake, maana asiyeweza kuumia hahitaji ujasiri. Nguvu za ajabu tuwaachie kina Mrile na Liyongo, ambao masimulizi yenyewe yamewapa. Meli tumwandike kwa ukweli wake, nao unatosha.

HITIMISHO

Ndugu walimu, mnapoletewa hadithi ya picha ya shujaa, msiulize kwanza kama karatasi ni nzuri au rangi zinapendeza. Ifungueni katikati. Mpeni mwanafunzi ambaye hajaiona, asome kurasa mbili, kisha mwulizeni maswali ya yule mama. Akijibu, kitabu kimefaulu. Asipojibu, msimwambie asome tena kwa makini. Andikeni barua kwa mwandishi.

Nanyi wanafunzi, mkiona hamwelewi, msiharakishe kusema kwamba mambo hayo ni ya waliosoma sana. Huenda mmesoma vizuri kabisa kitabu ambacho hakikuandikwa vizuri. Na siku mtakapoandika na kuchora za kwenu, kwani mikono ya kuchora tunayo tele katika nchi hii, mkumbukeni mtoto anayeingia kutoka kufunga mbuzi, hadithi imekwisha kuanza, naye anatafuta mahali pa kukaa karibu na moto. Msogezeeni kigoda.

Jirani yetu yule alikwisha kufariki, na cheti chake cha kisomo bado kimetundikwa ukutani kwa wanawe. Hadithi ya Liyongo tuliyoiandika upya hakuijua. Lakini kila tulipomaliza ukurasa tulijaribu kumwona akivaa miwani, akiweka kidole juu ya neno la kwanza. Na pale tulipoona kidole kinasimama, tulifuta.